Domina na Stika za Zizi Jema

Watu wa Kilosa mjini walizoea kumwita Domina daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha miaka miwili cha afya ya mifugo, na kwa cheti hicho alikuwa amezunguka miaka tisa, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akichanja kuku na kuwapa mbuzi dawa ya minyoo kuanzia Chanzuru hadi vijiji vya nyuma ya Rudewa. Kwao ni Berega. Mama yake yuko huko mpaka leo, na anafuga.

Alipofika miaka thelathini na nane, mgongo ukaanza kumsumbua. Kila akitoka barabara za mashimo alilala chali sakafuni nusu saa kabla ya kuweza kupika. Ndipo alipoanza kufikiria duka, na wakati huohuo redio ikawa haiishi kutangaza Zizi Jema.

Zizi Jema ilikuwa kampuni ya Morogoro ya dawa za mifugo. Haikuwa na maduka yake yenyewe. Ilikuwa na jina, na ililikodisha. Mtu alitafuta chumba, akanunua rafu na friji, akapaka kuta rangi ya kampuni, akaning'iniza bango la kampuni, akauza dawa zilizoletwa na gari la kampuni. Mteja akiingia, awe Kilosa au Mikumi au Dumila, aone duka lilelile.

Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na moja. Domina aliusoma wote, jambo ambalo msimamizi wa kanda, kijana mmoja aitwaye Lupakisyo, alisema hajawahi kuona mwenye duka akilifanya. Ulieleza rangi ya aproni, urefu wa rafu, na namna ya kumkaribisha mteja. Ulikataza kuuza dawa ya kampuni nyingine. Ulikataza pia kumpa mteja ushauri wa matumizi ulio tofauti na maandishi ya kampuni. Kisha, ukurasa wa tisa, ulisema kwamba mwenye duka ni mfanyabiashara huru, si mwajiriwa wala mwakilishi wa kampuni, na kwamba madai yoyote yatakayotokana na uendeshaji wa duka lake atayabeba mwenyewe. Sentensi hiyo Domina aliipenda. Miaka yote alikuwa akitumwa na watu. Kuitwa mfanyabiashara huru kulimpendeza, akatia sahihi.

Duka likaenda vizuri. Wakulima walikuja kwa ajili ya kuku wao, na wafugaji wa tambarare walikuja siku za mnada, wakinunua dawa za kupe na za homa kwa wingi. Miongoni mwao alikuwa mzee Kimaren, mtu wa miaka kama sitini, mwenye boma lake upande wa Rudewa. Domina alimfahamu tangu enzi za baiskeli. Kimaren hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinunua, akauliza swali moja au mawili, akaondoka. Maswali yake yalikuwa mazuri, kwa sababu alianza kuchunga ng'ombe kabla Domina hajazaliwa.

Masika ya mwaka wa pili, kampuni ikaleta dawa mpya ya kuogeshea. Ilikuwa na makali zaidi kuliko ile ya zamani, na chupa zake ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mchanga. Kwa hiyo kampuni ikachapisha maelekezo yake ya Kiswahili kwenye stika, na kila duka likapewa rola moja pamoja na mzigo. Kazi ya kubandika iliachiwa wenye maduka. Domina alibandika chupa zake mchana mmoja wa mvua, ameketi nyuma ya kaunta, huku akizungumza na mama mwenye nyumba juu ya bomba lililopasuka. Stika ilikuwa kubwa kiasi cha kufunika maandishi ya Kiingereza yote. Hakusoma hata moja. Aliangalia tu kama zimekaa sawa.

Siku mbili baadaye Kimaren akaja. Kupe walikuwa wengi mwaka huo. Domina akamwamkia, mzee akaitikia, akaonyeshwa dawa mpya na kuelezwa kwamba ni kali kuliko ile aliyoizoea. Kimaren aliigeuza chupa mkononi. Kusoma hakujua sana, lakini tarakimu alizijua.

"Ile ya zamani tulitia arobaini kwa ndoo," alisema. "Hii unasema ni kali zaidi. Mbona hapa ni mia?"

Lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake. Domina alikuwa na wateja wengine watatu kaunta, na kichwani alikuwa na kile kifungu cha mkataba cha kutotoa ushauri wa pembeni. Mwezi mmoja kabla, Lupakisyo alikuwa amempa onyo la maandishi kwa kumshauri mtu apunguze dawa ya kuku.

"Fuata karatasi, mzee," alijibu. "Wenyewe ndio wanaoijua."

Kimaren akatikisa kichwa kukubali, akachukua chupa mbili, akaenda zake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ikaita. Alikuwa Resiato, mke wa Kimaren. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Ndama walikuwa wanatokwa na mate, wanatetemeka, wengine wamelala hawainuki. Waliogeshwa asubuhi hiyo. Domina aliuliza kipimo, Resiato akamwambia mia kwa ndoo, kama karatasi ilivyosema.

Domina alikata simu, akachukua chupa moja kutoka rafuni, akaibandua stika kwa kucha. Chini yake, kwa zile herufi ndogo, kipimo kilikuwa mililita kumi kwa ndoo ya lita ishirini. Alisimama akiitazama chupa. Baadaye aliwaambia watu kwamba hakuhisi hasira wala woga wakati ule, bali alihisi baridi miguuni, kama mtu aliyeingia mtoni.

Alifunga duka. Akampigia daktari wa mifugo wa wilaya, ambaye alimwambia wakutane njiani na kwamba sindano za kutuliza sumu anazo, lakini chache. Kabla ya kuwasha pikipiki alipiga simu moja nyingine, kwa Mudi, mwenye duka la Zizi Jema la Mikumi. Hawakuwa wamekutana zaidi ya mara mbili, kwenye semina za kampuni. Alimwambia asiuze ile dawa mpya, na aliyemuuzia amtafute.

Bomani walikuta watu wamekwisha kuanza kuwaosha ng'ombe kwa maji na sabuni, kama Domina alivyomwelekeza Resiato kwenye simu. Daktari alichoma sindano wale waliokuwa na nafasi ya kupona, akawaacha waliokuwa wamekwisha. Domina alishika vichwa vya ndama, akafuta mate, akabeba ndoo pamoja na wanawake wa boma mpaka mikono ikavimba. Walipomaliza, ndama sita na mitamba watatu walikuwa wamekufa. Wengine kumi na wanne walipona.

Kimaren hakumlaumu. Alikaa juu ya gogo, akaiangalia mizoga, kisha akaomba waifukie mbali mbwa wasifike. Domina angependa agombe. Aliporudi mjini jioni, aligundua kwamba mzee hata hakuwa ameeleza mbele ya daktari lile swali alilouliza dukani, na jibu alilopewa.

Lupakisyo alifika siku ya tatu na gari la kampuni. Alimwamkia kwa heshima, akapewa kiti, akakaa muda akiichezea kofia yake. Domina alimwekea mezani chupa moja iliyobanduliwa na rola ya stika zilizobaki. Lupakisyo hakuzigusa. Alisema ofisi inasikitika. Alisema dawa itachukuliwa yote na kubadilishwa bila gharama. Ila kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi, na karatasi hiyo ilisema kwamba mteja alichanganya dawa vibaya, kinyume cha maelekezo aliyopewa.

Domina akamwuliza ni vipi mteja alichanganya vibaya, iwapo alifuata stika.

"Dada, mimi nimetumwa," Lupakisyo alisema. "Lakini nikwambie wanavyosema ofisini. Wanasema stika inaweza kuchapishwa na mtu yeyote. Wanasema aliyebandika ni wewe. Na duka ni lako, ukurasa wa tisa."

"Rangi ya ukuta huu ni yangu?" Domina aliuliza.

Lupakisyo aliinua macho akautazama ukuta.

"Mlinipa barua kwa sababu ya aproni. Mlinipa barua kwa sababu nilimshauri mtu juu ya kuku. Siku hizo duka lilikuwa la nani?"

Alikataa kutia sahihi. Lupakisyo alikunja karatasi yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atakachofanya, akifanye mapema, akaondoka na dawa zilizobaki. Rola ya stika na ile chupa iliyobanduliwa aliviacha mezani. Domina hakujua kama alivisahau au aliviacha makusudi, na hata leo hajui.

Siku chache baadaye barua ikaja kutoka Morogoro. Ilimkumbusha kwamba yeye ni mfanyabiashara huru. Ilisema kampuni haina rekodi ya kumpelekea stika zozote.

Hapo ndipo ilipombidi aende Mikumi, kabla ya kikao alichoitisha mtendaji wa kata juu ya ng'ombe wale. Rola aliyokuwa nayo haikutosha, kwa kuwa kampuni ilisema mtu yeyote angeweza kuichapisha. Kilichohitajika ni hati ya kupokelea mzigo. Yake ilikuwa imeloa siku ya bomba, haisomeki. Mudi alikuwa mtu wa kutunza karatasi.

Duka la Mudi liko kando ya barabara kuu, jirani na sehemu malori yanapopumzika. Alimkaribisha Domina, akaagiza chai na chapati, akamweleza kwamba alikuwa ameuza chupa nne tu na zote alizirudisha kabla hazijatumika. Moja aliifuata mwenyewe kwa pikipiki hadi ng'ambo ya mto, akamkuta mtu ameshapima maji kwenye ndoo. Alimshukuru Domina kwa ile simu. Lakini hati alikataa kuitoa.

Alikuwa na sababu zake, na hakuzificha. Mkopo wa friji na rafu aliuchukua kwa dhamana ya nyumba. Jina likiondolewa ukutani, wateja wa barabarani hawatasimama, maana wanasimamishwa na bango. Isitoshe, alisema, kwake hakuna ng'ombe aliyekufa. Alimshauri Domina aitafute njia ya kimyakimya, na zaidi ya yote asije akamwambia mtu kwamba mzee aliuliza akajibiwa afuate karatasi. Domina alikuwa amemsimulia hilo wakati wa chai.

"Hilo ni lako na yeye," Mudi alisema. "Ukilisema kikaoni, umewapa kamba ya kukufungia."

Domina alimaliza chai yake. Hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba kama wangeletewa rola ya pili yenye kosa jingine, Mudi angebandika vilevile, na yeye angebandika vilevile, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Kisha akaaga. Alikuwa ameshafika kituo cha basi Mudi alipomfikia, na bahasha mkononi. Ndani kulikuwa na hati halisi, si nakala: katoni mbili za dawa, stika rola moja, sahihi ya Lupakisyo, muhuri wa kampuni. Mudi alisema mkewe alikuwa anasikia maneno yao kutoka chumba cha nyuma, na kwamba ndiye aliyeitoa kabatini.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya kata, Rudewa. Mtendaji wa kata alikaa mbele, daktari wa mifugo pembeni yake na taarifa yake ya kurasa tatu. Kimaren alikuja na Resiato na wazee wawili wa boma lake. Kampuni ilimtuma mwanasheria, mwanamke aitwaye Joyce, mpole na aliyejiandaa vizuri, na Lupakisyo akiwa nyuma yake.

Joyce alisoma ukurasa wa tisa. Aliusoma vizuri, kwa kutua panapotakiwa. Akaeleza kwamba kampuni hutoa jina na bidhaa, na mwenye duka huendesha duka. Hivyo aliyetendewa kosa dukani amwendee mwenye duka. Mtendaji akamwuliza Kimaren anamdai nani.

Mzee alishauriana kidogo na Resiato kwa lugha yao, kisha akasema, "Morogoro sipajui. Hilo jina la ukutani silisomi. Mimi dawa nilinunua kwa Domina."

Watu wakamgeukia Domina. Joyce akaandika kitu. Domina alisimama, akaweka mezani hati ya Mudi, rola ya stika na chupa iliyobanduliwa, akaeleza kila kimoja kimetoka wapi. Daktari alivipitisha kwa mtendaji. Lupakisyo alipoulizwa kama sahihi ile ni yake, alisema ni yake, kwa sauti ya kusikika, na Joyce akageuka kumtazama.

Domina angeweza kukaa hapo. Alikuwa ameshashinda sehemu kubwa, na alijua hivyo. Lakini alibaki amesimama.

"Kuna jambo mzee Kimaren hakulisema," alianza. "Siku aliyonunua, aliniuliza kwa nini dawa kali inatiwa nyingi kuliko ile isiyo kali. Mimi nimesomea kazi hii. Swali lile lilitosha nibandue karatasi nitazame. Sikutazama, nikamwambia afuate. Stika ni ya kampuni, na ng'ombe wale wameuawa na stika. Lakini jibu lilikuwa langu. Hilo sitaki kampuni inibebee, na mimi siwezi kuibebea lake."

Joyce aliomba dakika chache, akatoka na simu yake nje. Aliporudi alisema kampuni itaitazama upya taarifa hiyo bila kukiri kosa. Mtendaji aliandika maneno hayo kama yalivyo, na kikao kikafungwa.

Mambo hayakuisha upesi. Barua ziliendelea kwa miezi kumi na moja. Taarifa ya daktari ilipanda ngazi zake, na amri ikatoka kwamba stika zile ziondolewe nchi nzima. Ilibainika kulikuwa na mfugaji mwingine, mbali huko, aliyepoteza mbuzi bila kujua kwa nini. Mwishowe kampuni ilimpa Kimaren mitamba sita, kwa karatasi iliyosema ni kwa moyo wa ujirani mwema. Waliokufa walikuwa tisa. Mzee alikubali sita kwa kuwa, alisema, hakuwa na muda wa kwenda kukaa kwenye mabenchi.

Domina alimpelekea mtamba mmoja kutoka zizi la mama yake, Berega. Mama yake alimwuliza kama sheria imemlazimisha. Aliposikia haikumlazimisha, alienda mwenyewe zizini kuchagua, akachagua mzuri. Kimaren alimpokea yule mtamba, akamzunguka mara mbili akimwangalia, akasema ana miguu mizuri. Resiato akamletea Domina maziwa. Juu ya lile swali la dukani hawakuzungumza siku hiyo, ila wakati wa kuagana mzee alisema kwamba hata yeye alijua arobaini ni nyingi kwa dawa kali, na bado alitia mia. Domina alimwambia hapana, hilo si lake. Mzee akasema lake ni dogo, lakini lipo.

Mkataba ulipofika mwisho, kampuni ilileta mpya. Ulikuwa na kurasa kumi na mbili. Ukurasa ulioongezwa ulisema kwamba ni wajibu wa mwenye duka kuhakiki usahihi wa maelekezo yote anayopokea kabla ya kuyabandika. Kifungu cha kutotoa ushauri wa pembeni kilibaki palepale. Domina aliusoma kwa siku mbili, akaandika kwa kalamu pembeni kwamba anakubali kuhakiki, ila akikuta kosa awe na ruhusa ya kuzuia mzigo na kumwambia mteja ukweli. Akaurudisha. Kampuni ikajibu kwamba mikataba ya wenye maduka wote hufanana na haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya mmoja.

Mudi alitia sahihi. Alimpigia Domina kumwambia kabla hajasikia kwa watu, na Domina akamwelewa, maana deni la nyumba lilikuwa bado. Alimwambia tu abandue chupa moja katika kila mzigo, aisome, kisha aibandike tena. Mudi alisema ndivyo anavyofanya siku hizi, akiwa amefunga mlango.

Domina hakutia sahihi. Wakaja mafundi wawili, wakashusha bango, wakabeba na aproni. Wateja walipungua karibu nusu, kwa sababu redio bado inatangaza Zizi Jema na duka jipya la jina hilo limefunguliwa karibu na stesheni. Mwenye duka hilo ni msichana aitwaye Naomi, mwenye adabu, na wakikutana sokoni Domina humwitikia shikamoo yake vizuri. Domina sasa ananunua dawa kwa wauzaji wa jumla watatu tofauti. Siku tatu kwa wiki anafunga duka saa sita na kutoka na pikipiki, mgongo ukitaka usitake, kwa sababu vijiji vinamhitaji na chumba cha duka kinalipiwa kodi. Wiki hii yuko Chanzuru anachanja kuku. Wameshafika mia nne, na upande wa chini ya reli bado.